Macho mawili, picha mbili: maisha ya Charles Wheatstone na macho ya mtoto wako

Inua kidole kimoja mbele ya uso wako, karibu na pua. Funga jicho la kulia ukitazame kwa jicho la kushoto. Sasa badilisha: funga la kushoto, fungua la kulia. Utaona kidole kinaruka kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Kidole hakijasogea. Kilichobadilika ni jicho linalokitazama.

Macho ya mtu mzima yameachana kwa takriban sentimita 6, kutoka katikati ya mboni moja hadi nyingine. Kwa hiyo kila jicho lina mahali pake pa kutazamia, na kila moja linapeleka kwenye ubongo picha yake, tofauti kidogo na ya mwenzake. Hata hivyo, ukifungua macho yote mawili unaona kidole kimoja tu, tena unajua kiko karibu au mbali kiasi gani. Hilo linawezekanaje?

Mtu aliyelijibu swali hilo kwa majaribio ya wazi alikuwa Mwingereza aliyeitwa Charles Wheatstone. Huenda kijana wako wa sekondari amekutana na jina lake kwenye somo la fizikia, katika kile kinachoitwa daraja la Wheatstone, saketi ya kupimia ukinzani wa umeme. Lakini kwako wewe mama au mlezi, kazi yake juu ya macho ina uzito zaidi. Inatusaidia kuelewa kwa nini mtoto mwenye makengeza hapaswi kusubirishwa hadi akue.

Mtoto wa wauza ala za muziki

Wheatstone alizaliwa tarehe 6 Februari 1802 huko Barnwood, karibu na mji wa Gloucester, Uingereza. Familia yake iliishi kwa kazi ya ala za muziki. Alipokuwa bado mdogo, wazazi wake walihamia London, na alipofikia ujana alipelekwa kujifunza kazi katika duka la ndugu wa baba yake. Kijana huyo hakuvutiwa sana na kuuza. Alipenda kusoma na kufungua vitu ili ajue vinavyofanya kazi.

Mwaka 1821 aliwashangaza watu wa London kwa kinubi kilichoning'inizwa kutoka darini. Kinubi kilitoa muziki bila kuguswa na mtu yeyote. Siri ilikuwa kwenye waya: ulipita darini hadi chumba cha juu, ambako ala nyingine zilikuwa zikipigwa, na mtetemo wa sauti ulisafiri kwenye waya huo hadi chini. Baadaye alitengeneza konsetina, ala ndogo ya mkononi inayovutwa na kubanwa, ambayo bado inapigwa hadi leo.

Hakuwa na shahada ya chuo kikuu, lakini majaribio yake yalijulikana kiasi kwamba mwaka 1834 alipewa cheo cha profesa katika chuo cha King's College, London. Alikuwa na haya nyingi. Kusimama mbele ya watu kulimtesa, na mara kadhaa rafiki yake Michael Faraday, mwanasayansi mashuhuri wa umeme, ndiye aliyeeleza utafiti wa Wheatstone mbele ya hadhira. Mwaka 1837 yeye na William Cooke walipata hataza ya telegrafu ya umeme, mojawapo ya mitambo ya kwanza iliyotumika kupeleka ujumbe kando ya reli za Uingereza.

Ni katika miaka hiyohiyo ambapo alikuwa akijiuliza kuhusu macho.

Kwa nini kuku hatazami kama wewe

Kabla ya kuona alichogundua, tazama wanyama walio nyumbani kwako.

Macho ya mbuzi yako pembeni mwa kichwa, na mboni zake zimelala kama mstari. Akiwa ameinamisha kichwa anakula majani, anaona karibu pande zote bila kugeuka. Kuku naye ana macho pembeni. Akitaka kukichunguza kitu vizuri, hugeuza kichwa na kukitazama kwa jicho moja. Kila jicho lake lina eneo lake, na sehemu ndogo tu ya mbele huonwa na macho yote mawili. Wanyama hawa huliwa na wanyama wengine, na faida yao ni kuona hatari inatokea wapi.

Kinyonga amekwenda mbali zaidi. Jicho moja linaweza kutazama juu huku jingine likitazama nyuma, kila moja likienda lipendavyo. Lakini akimwona mdudu na kutaka kumrushia ulimi, huyaelekeza macho yote mawili kwa mdudu huyo.

Paka, simba na bundi wana macho yanayotazama mbele. Nyani pia, na sisi binadamu vilevile. Tumepoteza uwezo wa kuona nyuma yetu, lakini eneo kubwa la mbele tunaliona kwa macho yote mawili kwa pamoja. Hata mishipa ya fahamu imepangwa kwa ajili ya kazi hiyo. Kwa ndege, nyuzi za mshipa wa kila jicho huvuka zote kwenda upande wa pili wa ubongo. Kwa binadamu, karibu nusu huvuka na nusu hubaki upande wake. Hivyo taarifa za jicho la kulia na za jicho la kushoto kuhusu mahali pamoja hufika jirani ndani ya ubongo, na zinaweza kulinganishwa.

Kwamba kila jicho huona picha yake, watu walilijua zamani sana. Leonardo da Vinci alikuwa ameshaliandikia. Ambalo hakuna aliyekuwa amelionyesha ni kazi ya tofauti hiyo. Wasomi wengi waliiona kama usumbufu ambao ubongo unaupuuza. Walidhani ili tuone kitu kimoja, picha mbili lazima ziangukie sehemu zinazolingana kabisa ndani ya macho.

Vioo viwili na michoro miwili

Wheatstone alifikiri kinyume. Alisema kwamba kama tofauti ya picha mbili ndiyo inayotuonyesha unene na umbali wa vitu, basi naweza kuudanganya ubongo. Nikichora kwenye karatasi kile ambacho jicho la kushoto lingeona, na kwenye karatasi nyingine kile ambacho jicho la kulia lingeona, kisha kila jicho nikalipa mchoro wake peke yake, mtu ataona kitu chenye unene mahali ambapo hakuna kitu.

Alichukua vioo viwili vidogo, akaviunganisha kwa pembe kama kona ya ukuta, akaviweka mbele ya macho. Mchoro mmoja ulikaa upande wa kushoto na mwingine upande wa kulia. Kila jicho liliona mchoro wake kupitia kioo chake. Kifaa hicho alikiita stereoskopu.

Kwa makusudi alichora maumbo ya mistari mitupu, bila kivuli wala rangi, ili asitokee mtu wa kusema kwamba unene unaoonekana umetokana na ustadi wa mchoraji. Ukitazama mchoro mmoja, ni mistari bapa. Ukitazama yote miwili ndani ya kifaa, sanduku linajitokeza hewani.

Mwezi Juni 1838 utafiti wake uliwasilishwa mbele ya Royal Society, jumuiya ya wanasayansi ya London, na mwaka 1840 jumuiya hiyo ilimpa nishani. Alikuwa ameonyesha kwamba kuona kwa macho mawili kunakamilika ndani ya ubongo. Macho huleta picha mbili. Ubongo huzilinganisha, huziunganisha kuwa moja, na katika tofauti zake husoma umbali.

Wewe mwenyewe unautumia uwezo huu kila siku unapotunga uzi kwenye sindano, unapomimina chai kikombeni, unapoupokea mkono wa mtoto anayeruka mtaro. Jaribu kutunga uzi jicho moja likiwa limefungwa, utaona mkono unavyokosea.

Picha mbili zinapogombana

Wheatstone alifanya jaribio jingine, na hili ndilo linalomhusu zaidi mtoto wako. Badala ya kuyapa macho michoro inayofanana, alilipa jicho moja herufi S na jingine herufi A. Je, ubongo ungezichanganya ziwe alama moja mpya?

Haukuzichanganya. Mtazamaji aliona S kwa muda, kisha S ikavunjika na A ikatokea, kisha S ikarudi. Picha zinapokuwa mbali mno na kufanana, ubongo unachagua moja na kuificha nyingine, kwa zamu.

Kwa mtu mzima mwenye macho yaliyonyooka, hilo ni jambo la kustaajabisha tu. Sasa mfikirie mtoto wa mwaka mmoja ambaye jicho moja limegeukia puani. Jicho lililonyooka linamtazama mama. Jicho lililopinda linatazama ukuta. Kila siku, tangu asubuhi hadi usiku, ubongo wake unapokea picha mbili zinazogombana. Tofauti na jaribio la Wheatstone, mara nyingi hapa hakuna zamu. Ubongo mchanga unachagua jicho lile lililonyooka na kulinyamazisha jingine moja kwa moja.

Jicho lililonyamazishwa halijifunzi kuona. Halina kidonda, haliumi, na kwa nje linaweza kuonekana zima kabisa, lakini uwezo wake unabaki chini. Wataalamu huliita jicho vivu. Jina hilo lisikudanganye ukadhani mtoto ni mvivu. Jicho limekosa nafasi ya kufanya kazi wakati ubongo ulipokuwa unajifunza.

Miaka yake ya baadaye

Wheatstone hakutajirika kwa stereoskopu yake. Kifaa chenye vioo kilikuwa kikubwa, na mwaka 1838 picha za kamera zilikuwa bado hazijatangazwa kwa umma. Mwanasayansi wa Uskoti, David Brewster, alitengeneza kifaa kidogo cha lenzi, na kilipoonyeshwa kwenye Maonyesho Makuu ya London mwaka 1851 kilimpendeza Malkia Victoria. Muda si mrefu kikawa burudani ya sebuleni kwa familia nyingi za Ulaya. Baadaye Brewster alijaribu kumnyima Wheatstone sifa ya ugunduzi wenyewe, na wakajibizana hadharani. Historia imembakishia Wheatstone haki yake.

Mwaka 1852 alieleza kifaa kingine, kinachobadilishana picha: cha jicho la kulia kilipelekwa la kushoto, na cha kushoto kulia. Vitu vilivyobenuka vilionekana vimebonyea. Ulikuwa uthibitisho mwingine kwamba umbali tunaouona unatokana na jinsi ubongo unavyozisoma picha mbili.

Alimwoa Emma West mwaka 1847, wakapata watoto watano. Emma alifariki katikati ya miaka ya 1860, akamwachia watoto hao. Mwaka 1868 Wheatstone alipewa heshima ya kuitwa Sir. Alifia Paris, Ufaransa, tarehe 19 Oktoba 1875, akiwa na umri wa miaka 73, na akazikwa London.

Kutoka stereoskopu hadi kliniki ya macho

Wheatstone hakuwa daktari, lakini kifaa chake kilifika hospitalini. Huko Ufaransa, Émile Javal, ambaye dada yake alikuwa na makengeza, aliitumia stereoskopu kuwafundisha wagonjwa kuyatumia macho yote mawili pamoja.

Ukienda leo kwenye kliniki kubwa ya macho, unaweza kukuta mashine yenye mirija miwili. Mtoto anatazama ndani: mrija mmoja una picha ya simba, mwingine una kizimba. Anaambiwa amwingize simba kizimbani. Akiweza, macho yake yanashirikiana. Akisema anaona simba tu, au kizimba tu, mtaalamu anajua kuna jicho lililonyamazishwa. Kipimo kingine ni picha ya nzi mkubwa. Mtoto huvalishwa miwani maalumu na kuombwa ambane nzi mabawa. Anayeona kwa macho yote mawili huinua vidole na kubana hewa juu ya karatasi. Asiyeona hivyo hugusa karatasi yenyewe.

Dalili za kuangalia

Macho ya mtoto mchanga yanaweza kuteleza mara mojamoja katika miezi ya kwanza. Hilo ni la kawaida. Lakini mpeleke mtoto akapimwe ukiona haya:

- Jicho linaendelea kupinda baada ya umri wa miezi 4, au limepinda wakati wote hata kabla ya hapo.
- Mtoto huinamisha au hugeuza kichwa kila anapotazama kitu.
- Hufumba jicho moja akiwa juani, au husogeza vitu karibu sana na uso.
- Ukimziba jicho moja hana shida, lakini ukimziba jingine analia na kuusukuma mkono wako.
- Kope la jicho moja limeanguka na kufunika mboni.

Kuna njia rahisi ya kuangalia. Mshike mtoto mbele yako mahali penye mwanga hafifu, uwashe tochi ndogo kwa mbali kidogo, akiwa anakutazama. Tazama nukta ya mwanga kwenye kila jicho. Ikiwa iko sehemu ileile kwenye macho yote mawili, huenda macho yamenyooka. Watoto wengi wenye pua pana kwa juu huonekana kama wana makengeza kumbe hawana. Hata hivyo, ukiwa na shaka, acha mtaalamu aamue.

Nenda hospitali mara moja, bila kungoja siku ya kliniki, ukiona weupe ndani ya mboni, hata kama umeuona kwenye picha ya simu tu. Unaweza kuwa mtoto wa jicho, au saratani ya jicho ambayo ikiwahiwa hutibika. Fanya hivyohivyo ikiwa jicho limepinda ghafla, hasa kama mtoto aliumia kichwa, anatapika au anaumwa kichwa.

Kumbuka pia kwamba jicho vivu linaweza kuwepo bila makengeza. Jicho moja likihitaji miwani yenye nguvu kuliko jingine, ubongo huchagua picha iliyo safi, na wewe usione chochote kwa nje. Ndiyo maana ni vizuri kila mtoto apimwe macho kabla ya kuanza shule, hasa kama katika ukoo kuna mwenye makengeza au kama mtoto alizaliwa kabla ya wakati.

Matibabu na uvumilivu wako

Daktari anaweza kuanza na miwani, ambayo kwa baadhi ya watoto inatosha kuyanyoosha macho. Kama kuna jicho vivu, jicho zuri huzibwa kwa saa kadhaa kila siku, au huwekewa matone yanayolififisha kwa muda, ili ubongo ulazimike kulisikiliza lile lililonyamazishwa. Fuata saa ulizoelekezwa, maana kuziba kupita kiasi kunaweza kulidhoofisha jicho zuri. Upasuaji hunyoosha macho, lakini peke yake haurudishi nguvu ya jicho vivu.

Siku za mwanzo ni ngumu. Mtoto uliyemziba jicho zuri haoni vizuri, atalia na kubandua kiziba jicho. Mpe kazi anayoipenda wakati huo: kuchora, kuchambua mchele nawe, kucheza na vizibo. Mweleze mwalimu wake, ili wenzake wasimtanie.

Usimtie jichoni maziwa ya mama, majani wala dawa ya dukani bila kuandikiwa. Hakuna kati ya hivyo kinachonyoosha jicho, na vinaweza kuliumiza.

Matibabu hufanya kazi vizuri zaidi mtoto akiwa mdogo, hasa kabla ya miaka 7 au 8, wakati ubongo bado ni mwepesi kujifunza. Kama mtoto wako amevuka umri huo, mpeleke hata hivyo, kwa sababu wapo wanaopata nafuu.

Wahenga walishaona kwamba anayependa huweza kuita chongo kengeza. Mapenzi hupunguza kasoro mbele ya macho ya mama, na hilo ni jema, mtoto asijione pungufu. Lakini ndugu na majirani watakapokuambia kwamba makengeza ni urembo, au kwamba yataisha yenyewe, wewe unajua kinachoendelea nyuma ya jicho lile. Mpende kama alivyo, na wiki hii mpeleke akapimwe.